McDonald's walianza na jiko moja: jibu kwa dada wa baga wa Majengo

Swali lenyewe nalifupisha ili na wengine waelewe. Dada mmoja wa Moshi ana kijiwe cha baga na chips pale Majengo, siku nzuri anauza baga 70 kwa Sh 5,000, ana wasichana wawili na kijana mmoja wa chips. Sasa wamemfata watu wawili, mmoja wa Himo, mwingine wa Arusha maeneo ya Sakina, wanataka kutumia jina lake na kila mwezi wamtumie hela. Ameandika hivi: "Shikamoo kaka. Naomba nieleze McDonald's walifanyaje mpaka wakasambaa dunia nzima, hela yao hasa inatoka wapi, na mimi nikiwapa hawa watu jina langu nitapata nini na nitapoteza nini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, baga 70 kwa siku siyo kitu kidogo, kuna watu wana fremu nzuri mjini kati na hawazifikishi. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye majiko na stoo za mahoteli hapa Arusha, kazi yangu ni kuhesabu chakula kinachoingia na hela inayobaki, na hii habari ya McDonald's nimeifatilia kwa sababu ya hiyo kazi. Nitakujibu kwa kirefu, chukua chai.

Nianze na hela maana ndo umeiuliza moja kwa moja. Watu wengi wanadhani McDonald's wanatajirika kwa kuuza baga. Wanauza ndiyo, tena nyingi mno, wana matawi zaidi ya 40,000, ila karibu 95 katika kila 100 siyo ya kampuni, ni ya watu binafsi waliopewa haki ya kutumia jina na mfumo, hiyo ndo franchaizi yenyewe. Mwenye tawi ndo anaajiri, ananunua nyama, analipa umeme, akipata hasara ni yake. Kampuni inachukua kwake asilimia ya mauzo kwa ajili ya jina, alafu inachukua kodi ya pango. Mwaka 2023 kampuni iliingiza kama dola bilioni 25 na nusu, humo zaidi ya bilioni 15 zilitoka kwa hawa wenye franchaizi, na katika hizo bilioni 15 karibu theluthi mbili ilikuwa kodi. Kodi mdogo wangu. Ile hela ambayo mwenye nyumba wako anakuja kuichukua ya miezi sita sita, wao ndo wamekaa upande wa mwenye nyumba.

Ila hiyo kodi ilikuja baadaye kabisa, na hapa ndo watu wengi wanaruka hatua, wanaanza na mwisho wa hadithi.

Ndugu wawili, Maurice na Richard McDonald, Mac na Dick kama walivyozoeleka, walitoka New Hampshire wakaenda California kutafuta maisha, na mwaka 1940 wakafungua mgahawa San Bernardino. Haukuwa wa baga. Ulikuwa wa nyama choma ya kwao, unakuja na gari unapaki, binti anakuja dirishani anachukua oda anakuletea chakula kwenye trei. Ulikuwa unajaa. Menyu ilikuwa na vitu kama 25. Lakini mabinti wanahama hama, sahani na glasi zinavunjika na nyingine zinaibiwa, vijana wanageuza parking kijiwe cha stori mpaka familia zinaogopa kuja. Wakakaa na risiti zao wakazihesabu, wakakuta kama 80 katika kila 100 ya mauzo ni baga tu. Ile nyama choma iliyowapa jina ilikuwa inakula muda na kuni na kubakiza faida ndogo.

Mwaka 1948 wakafunga. Naomba uone uzito wa hili, biashara inaingiza hela, inajaa, wao wakafunga kwa miezi mitatu hivi ili waijenge upya. Wakaachana na wale mabinti wa kupeleka trei, wakaondoa sahani na vijiko, kila kitu kikawa cha karatasi. Waliporudi Desemba menyu ilikuwa imebaki vitu 9, hata chips za kukaanga zenyewe ziliingia mwaka uliofuata. Baga waliishusha kutoka senti 30 mpaka senti 15. Na kila baga ilitoka vilevile, ketchap, haradali, kitunguu, vipande viwili vya tango la siki, ukitaka tofauti unasubiri.

Na jiko walilipangaje? Walichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi wa nyumbani kwao, ukubwa ule ule wa jiko halisi, wakawaita wafanyakazi waje watembee humo kama wanapika kweli, huyu anageuza nyama, huyu anafunga, huyu anatoa milkshake, na pale watu wanapogongana wanafuta wanachora upya. Alafu kulikuwa na fundi wa pale pale mjini, Ed Toman, akawatengenezea kifaa cha kumwaga ketchap na haradali, ukibonyeza mara moja inatoka ile ile kwa kila mkate. Mimi hiki kifaa nakipenda kuliko alama zao zote za dhahabu. Mafundi wa kuchomelea wa aina hiyo tunao wengi mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, hata Moshi wapo, ila ni wachache sana wenye migahawa wanaowapelekea kazi ya namna hiyo, wengi wetu tunaishia kuagiza kabati la chips la vioo basi.

Wateja walikimbia mwanzoni. Magari yanakuja yanapiga honi, binti hatokei, yanaondoka. Iliwachukua kama nusu mwaka mpaka biashara ikarudi, na iliporudi haikurudi na vijana wa parking, ilirudi na familia, mtoto anaweza kwenda mwenyewe dirishani na sarafu zake akanunua.

Kwaiyo kabla ya tawi lolote kulikuwa na kama miaka 13 ya jiko moja, na jiko lenyewe likavunjwa likapangwa upya. Wewe una miaka mingapi? Umesema miwili na nusu. Sikukatishi tamaa, nakuonyesha ulipo.

Sasa sikia kilichofuata, maana kinafanana kabisa na hao watu wako wawili. Hawa ndugu walipoanza kupata sifa watu wakaja kuwaomba jina. Wa kwanza alikuwa wa Phoenix, Arizona, mwaka 1953. Walichukua hela ya mara moja, kama dola 1,000, wakampa ramani ya jengo na maelekezo ya muda mfupi, basi, kwaheri. Na wengine baada yake hivyo hivyo. Hakuna aliyeenda kuwakagua. Wakaanza kila mtu na lake, huyu anaongeza vyakula vyake kwenye menyu, huyu anapandisha bei, mteja akiingia pale anaona jina analolijua alafu anakula kitu asichokijua. Jina lilikuwa linaliwa polepole na wenyewe walikuwa wamekaa San Bernardino wanauza zao.

Hicho ndo unachotaka kufanya wewe na Sakina. Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80, jioni ukifunga kijiwe umechoka huwezi kwenda kuonja baga ya huko na kurudi. Mtu akila baga mbovu Sakina hatasema jamaa wa Sakina kaharibu, atasema ile baga ya Moshi waliyokuwa wanaisifia haina lolote.

Aliyeokoa jahazi ni Ray Kroc, alikuwa na miaka 52, anauza mashine za kuchanganyia milkshake. Mwaka 1954 akashangaa iweje mgahawa mmoja ununue mashine 8, kila moja inachanganya glasi 5, yaani glasi 40 kwa mkupuo. Akaenda kujionea, akaona foleni, akakubaliana nao awe ndo anauza franchaizi zao. Tarehe 15 Aprili 1955 akafungua tawi lake Des Plaines, Illinois, karibu na Chicago. Masharti yake kwa wenye matawi yalikuwa dola 950 za kuingilia na asilimia 1.9 ya mauzo. Piga hesabu: kila dola 100 anayouza mwenye tawi, inatoka dola 1 na senti 90, na humo senti 50 zinaenda kwa ndugu wa San Bernardino, Kroc anabaki na dola 1 na senti 40 ya kulipa ofisi, wakaguzi, safari, kila kitu. Ilikuwa haitoshi. Kampuni ilikuwa inakua huku inakaribia kufilisika.

Kitu kimoja alikifanya Kroc ambacho wengi wa wakati ule hawakufanya, alikataa kuwauzia wenye matawi nyama, vyombo na karatasi kwa faida. Wengine walikuwa wanamuuzia mwenye franchaizi mpaka leso kwa bei ya juu, kwaiyo wanapata hela hata kama tawi linakufa. Kroc alitaka apate pale tu mwenye tawi anapouza. Naomba na wewe ukiingia mkataba na mtu wa Himo usije ukaanza kumuuzia sosi yako kwa bei ya kumkamua, atajifunza kuitengeneza ya kwake ndani ya mwezi, na hapo ladha imeondoka.

Na nani umpe? Hapa kuna kisa nakipenda sana. Kroc aliwapa matawi marafiki zake wa klabu ya gofu, watu wenye hela zao, na walimsumbua kweli, wanaweka mtu wa kusimamia wao wenyewe hawaonekani, wanabadilisha bei na menyu wanavyotaka. Tofauti na hao walikuwepo mke na mume, Betty na Sanford Agate, mke alikuwa anapita maofisini anauza Biblia, mume alikuwa fundi wa kiwanda cha uchapaji. Wakakusanya akiba yao yote, wakafungua Waukegan Mei 1955, wakakaa wenyewe jikoni na dirishani. Lile tawi likapata watu mpaka likaishiwa chakula, na habari zake ndo zikaleta waombaji wengine wa namna ile, watu wa kipato cha kawaida wanaoacha kazi na kusimama wenyewe. Sasa umesema wa Sakina ana biashara ya magari ya watalii na anataka kuweka kijana, wa Himo ni mama na binti yake na tayari wanauza zege, yaani chips mayai. Kwangu mimi jibu lipo hapo, yule mama anajua mafuta yakichoka yanafananaje.

Na kodi ilikujaje? Mwaka 1956 mtu wa hesabu wa Kroc, Harry Sonneborn, akaanzisha kampuni ya viwanja pembeni. Wanatafuta kiwanja kizuri, wanakikodi kwa mwenyewe kwa muda mrefu, miaka 20 kwa bei isiyopanda panda, alafu wao wanampangisha mwenye tawi kwa bei ya juu zaidi. Mwenye tawi analipa kiwango cha chini kilichopangwa au asilimia 5 ya mauzo, ile iliyo kubwa. Baadaye ikawa asilimia 8.5. Baadaye wakaanza kununua viwanja kabisa. Hapo ndo hela ikaanza kuonekana, na siyo hela tu, ilikuwa na nguvu nyingine ambayo watu hawaisemi sana: ukichafua jiko, ukibadilisha menyu, wewe ni mpangaji, unaondolewa. Asilimia 1.9 haikuweza kumlazimisha mtu kusafisha bamba la kuchomea nyama, mkataba wa pango uliweza.

Wewe huwezi kununua viwanja sasa hivi, najua. Ila kuna kipande kinakuhusu. Hapa kwetu mwenye fremu akiona foleni anapandisha kodi, na mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi ya mwaka mmoja au makubaliano ya mdomo mbele ya mjumbe. Umeniambia wa kwako kashaanza kuuliza uliza unauza ngapi kwa siku. Basi kabla ya kufikiria Himo wala Sakina, tafuta mwanasheria pale Moshi, uandikiane na huyo mwenye nyumba miaka mitano, na ndani yake iandikwe kodi inapanda kiasi gani na lini. Hata kama itakubidi ulipe mwaka mzima kwa mkupuo. Hicho kijiwe ndo kila kitu chako, na kwa sasa unakimiliki kwa hisani ya mtu.

Tuje jikoni maana huko ndo kwangu. Mwaka 1958 McDonald's walikuwa na kitabu cha maelekezo cha kurasa 75, kazi ya Fred Turner, kijana aliyeanza kwa kugeuza nyama kwenye tawi la Kroc. Kimeandika kila kitu. Nyama vipande 10 kwa ratili moja, kwa vipimo vyetu ni kama gramu 45 kila kimoja. Unapanga safu sita za vipande sita sita kwenye bamba, na unaanza kugeuza safu ya tatu, siyo ya kwanza, kwa sababu safu mbili za mwanzo ziko mbali na moto. Mtu alisimama pale akaangalia moto unakaa wapi, akaandika, na baada ya hapo haijalishi nani yuko zamu. Mwaka 1961 wakafungua na chuo chao, kwenye chumba cha chini cha tawi moja Elk Grove Village, cha kuwafundisha wenye matawi hayo hayo.

Nilikuuliza nyama yako ina gramu ngapi ukasema "kiganja kimoja". Kiganja cha nani? Wewe ukiwepo kiganja ni kimoja, ukienda msibani Rombo siku tatu kiganja ni kingine. Fanya hesabu hii: kipande kikizidi gramu 20 tu, kwa baga 70 hiyo ni kilo 1 na gramu 400 kwa siku. Nyama ukiichukulia Sh 12,000 kwa kilo ni Sh 16,800, kwa siku 26 za kazi ni Sh 436,800. Hiyo ni mshahara wa mtu unaugawa bure kila mwezi na hakuna mteja anayejua umempa zawadi. Mizani ndogo ya jikoni inauzwa bei rahisi tu, nunua wiki hii.

Nimeona hili likiua biashara. Miaka ya nyuma nilikuwa nawahesabia mgahawa mmoja hapa Arusha, jina naliacha. Ulikuwa unapiga kazi kweli, kuku wake watu wanatoka Njiro na Ngaramtoni kumfata. Ndani ya mwaka mmoja wakafungua matawi matatu. Viungo vya yule kuku vilikuwa kichwani mwa mpishi mmoja, hakuna karatasi, hakuna vijiko vya kupimia, na yeye hawezi kuwa sehemu tatu kwa wakati mmoja. Tawi moja kuku chumvi, lingine hana ladha, bei zenyewe zikaanza kutofautiana, wateja wakaanza kuulizana "wewe ulikula wa wapi?" Nilipeleka hesabu mezani mara mbili, nikawaambia tufunge mawili turudi jikoni, hawakunisikia, na mpaka leo inaniuma maana walikuwa na chakula kizuri kuliko wengi. Yakafungwa yote, na lile la kwanza pia.

Viazi navyo. Kroc alipofungua Des Plaines chips zake zilitoka teketeke na hazina ladha ya zile za San Bernardino, na alikuwa amefata kila hatua. Akahangaika mpaka mtaalamu wa viazi akamuuliza wale ndugu wanavitunzaje. Kumbe viazi vyao vilikuwa vinakaa kwenye mapipa ya wavu nje, upepo wa jangwa unapita, vinakauka siku kadhaa na sukari inageuka wanga. Vya kwake vilikuwa chini kwenye stoo. Akaweka feni kubwa huko chini, tatizo likaisha. Ndugu wenyewe hawakujua kwamba ule upepo ni sehemu ya mapishi, kwaiyo hawakuweza kumwandikia.

Hii nakuomba uichukue kama ilivyo. Ulilalamika kwamba msimu wa mvua chips zako zinanywa mafuta na kulegea, ukadhani ni mafuta. Uliza kwanza viazi vimetoka lini shambani. Ukinunua soko la Mbuyuni gunia limeingia asubuhi bado na tope la Siha, alafu mchana unakaanga, lazima zilegee. Vitandaze sehemu kavu yenye hewa na kivuli, jua lisivipige visije vikawa kijani, vikae siku kadhaa, jaribu gunia moja uone. Alafu chagua mkulima mmoja au wawili, mkubaliane aina moja ya kiazi na ukubwa. Mwanzoni mwa 2022 KFC wa Kenya waliishiwa chips, nchi inayolima viazi tele, kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinatoka nje na meli zilichelewa, watu wakawaka kweli mitandaoni. McDonald's walipoingia Moscow Januari 1990 walifanya kinyume, walijenga kiwanda chao huko huko na kuwafundisha wakulima kulima kiazi wanachokitaka, maana sokoni hakikuwepo. Na ndo maana mimi nikiulizwa mbona McDonald's wako Misri, Morocco, Afrika Kusini na Mauritius na kwetu hawajafika, naangalia kwanza nyama, kiazi, mkate na friji za kusafirishia. Kufungua duka ni rahisi kuliko kujaza stoo yake kitu kile kile siku 365.

Kuna jambo dogo la nyama ya kusaga, umesema wateja wengine wanauliza "hii nyama gani". Swali la zamani hilo. White Castle, wa Wichita, Kansas, walianza 1921 wakati Wamarekani wanaogopa nyama ya kusaga, wakajenga vibanda vyeupe pe, wakasagia nyama mbele ya mteja, baga senti 5. Wewe sogeza mashine yako ya kusagia mbele kwenye kioo, utaona lile swali linavyopotea.

Sasa utapoteza nini. Mwaka 1961 wale ndugu waliuza kila kitu kwa Kroc kwa dola milioni 2.7, wakabaki na takriban milioni moja kila mmoja baada ya kodi za serikali. Kwa wakati ule ni hela nzito na wao walikuwa wamechoka, siwalaumu. Ila jina nalo liliondoka. Ule mgahawa wao wa kwanza waliubakiza, na ikabidi washushe bango lenye jina lao wenyewe wauite The Big M, Kroc akaja kufungua McDonald's hapo jirani, na baada ya miaka michache wa kwao ukafungwa. Jina la baba yao, kwenye mtaa wao.

Kwaiyo usimpe mtu jina ambalo hujalifunga. Umesema umesajili BRELA, wale wakala wa serikali wa usajili wa biashara, nikakuuliza umesajili nini, ni jina la biashara. Hilo ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kitu kingine, inasajiliwa BRELA hao hao ila ni maombi tofauti, inakulinda miaka 7 ya kwanza alafu unahuisha kwa miaka 10 kumi. Bila hiyo yule wa Sakina akikuzidi mwendo akasajili yeye alama, utahangaika mahakamani kudai kitu chako.

Na ujue franchaizi siyo njia pekee. In-N-Out walianza 1948 huko huko California, Baldwin Park, mke na mume Harry na Esther Snyder, na hawajawahi kuuza jina. Nyama wanatengeneza wenyewe, hawagandishi, na hawafungui tawi mbali na pale gari lao linapofika. Harry alipofariki 1976 walikuwa na matawi 18 tu, miaka 28 matawi 18, na leo yamepita 400 na bado ni ya familia. Mimi nikiwa wewe ningeanza na njia hii. Tawi la pili liwe lako mwenyewe, umbali wa bodaboda, karibu na hospitali ya KCMC au Chuo cha Ushirika hapo hapo Moshi, uweze kupita mchana na jioni kuonja. Huko ndo utajua kama karatasi zako zinafanya kazi bila wewe.

Wa Sakina mwambie hapana kwa sasa, kwa heshima. Mama wa Himo mwambie asubiri miezi sita, na katika hiyo miezi aje na binti yake Majengo wiki mbili wasimame jikoni kwako bila malipo ya jina, mwone kama mnaelewana. Hizo wiki mbili zitakuonyesha wewe pia ni vitu gani unavifanya kwa mkono bila kujua unavifanya, kama ule upepo wa San Bernardino. Kila atakachouliza binti yake na ukajikuta unajibu "we angalia tu utaelewa", kiandike usiku huo huo kwenye daftari.

Anza na mizani. Pima baga zote za siku tatu, moja moja, ukiwepo na usipokuwepo, uniandikie namba zote bila kuzirekebisha. Na huo mkataba wa fremu kabla hujasaini nipigie picha kurasa zote nizisome.